Ufunguo wa Choo

Nkuhungu, nyumba ya vyumba saba na choo kimoja.
Bati lake, upepo wa Agosti ukilishika,
hulia usiku kucha kama mtu anayedai deni.
Mume wangu alikinyooshea kidole choo hicho
kabla hata hajavua viatu vya safari:
"Umeuokotea pale. Si mnachangia
na yule muuza pombe?"

Nikamwamini. Ilikuwa rahisi
kuliko kuanza kuhesabu
Manyoni, Singida, Nzega,
na kila mahali lori lake linapolala.

Nikashuka sokoni Majengo, nikanunua kufuli.
Lilikuja na funguo tatu, nikachongesha nyingine tatu,
nikagawa mlango kwa mlango.
Nyendo, wa chumba cha saba, sikumpa.

Hakuuliza.
Alfajiri nilimsikia akichota maji kwa kopo,
kandambili zikikwaruza mchanga,
goti lake bovu likivuka korongo
kwenda kuomba choo kwa watu baki.
Mimi huku nasugua sakafu kwa dawa kali
mpaka saruji ikatoa macho.

Siku ya kurudi kliniki
nesi Mbeleje, binti mwenye mwanya, akauliza:
"Unadhani umekipata wapi kisonono, mama?"
"Chooni. Tunachangia."
Akaweka kalamu chini.
"Cha kukaa au cha kuchuchumaa?"
"Cha kuchuchumaa."
"Sasa niambie, kipi chako kiligusa nini?"

Nikautazama ukuta.
Nyayo, nikawaza. Nyayo na kandambili.
Sijawahi kusikia unyayo umeugua kisonono.

"Hata kingekuwa cha kukaa," akasema
polepole, kama anayepembua uwele,
"vijidudu hivi vinataka joto la mwili na unyevu wake.
Ukivitoa nje, juu ya saruji, juu ya komeo, havidumu.
Na kwa upepo huu wa Dodoma,
unaopasua midomo ya watu wazima?"
Akacheka kidogo. Mimi sikucheka.
"Chawa wa sehemu za siri, sawa,
hao wanaweza kuhamia kwenye shuka.
Taulo bichi la mwenzio pia liache,
kuna kimelea kingine, mara chache sana, huponea humo.
Chooni ogopa kuhara, nawa mikono.
Lakini hiki chako kimekuja na mtu.
Mlete naye atibiwe,
la sivyo dozi hii tunaimwaga mchangani."

Kimekuja na mtu.
Nililibeba neno hilo kutoka kliniki hadi nyumbani,
vumbi jekundu likinijaa kwenye meno,
na kila nilipotema lilibaki.

Jioni nikagonga chumba cha saba.
Nyendo alikuwa anachuja chimpumu,
mikono imelowa hadi viwikoni.
Nikamnyooshea ufunguo. Nilikuwa nimepanga maneno,
nimeyapanga njia nzima,
yakatoka mawili tu: "Nisamehe, dada."
Aliutazama kama mtu anayetazama chenji pungufu.
"Uweke hapo dirishani," akasema.
"Goti limeshaizoea njia ya kule."

Alhamisi lori likaingia.
Mume wangu akaenda uani, akarudi.
"Mbona choo hakina kufuli?"
"Nimelihamisha."
"Wapi?"
Sikujibu. Nilimpa karatasi ya nesi,
yenye jina lake na tarehe,
nikaendelea kusonga ugali.
Aliuona mwenyewe mlango wa chumbani.

Ni siku ya nne sasa analala ndani ya lori.
Bati linalia bado, mlango wa choo uko wazi
kwa yeyote mwenye haja.
Na alfajiri, nikiwa macho,
bado nazisikia kandambili za Nyendo
zikielekea korongoni.